Sifuri Mbili za Mwenyekiti

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi letu usisikitike, maana nafasi yenyewe haipo. Ni ubao mmoja mrefu mbele ya karakana ya seremala. Kushoto kuna kibanda cha kinyozi, kulia nipo mimi na jiko langu la mkaa. Wananiita Mama Birika, na mimi ndiye ninayejua nani hapa anakunywa kahawa na nani anakunywa maneno. Kichwani mwa benchi, karibu na mlango wa karakana, hukaa seremala mwenyewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi wa mtaa, na hapo hakai mwingine hata yeye akiwa safarini. Kikombe cha kwanza ni chake. Anafuata Kinyozi, kisha Mzee Simu, aliyestaafu kwenye mitambo ya simu na mpaka leo akisikia kengele ya baiskeli mkono wake unainuka kupokea. Nyuma yetu, ndani ya karakana, kwenye kona ambayo vumbi la randa halifiki, ipo kompyuta iliyobeba tovuti yetu. Ukitaka fundi bomba, fundi cherehani, fundi yeyote, unaifungua, unamwona sura, jina na namba, unampigia mwenyewe. Aliyeitengeneza ni mtoto wa dada yangu, tunamwita Binti Waya. Siku ninayowasimulia umeme ulikatika alfajiri, ukarudi, na tovuti ikarudi na wazimu.

Aliyegundua ni Kinyozi. Alitoka kibandani na mashine mkononi, nyuma yake mteja kanyolewa upande mmoja tu.

Kinyozi: Jamani, njooni mwone. Huyu anatafuta fundi friji kwenye tovuti yetu. Kaletewa hii.

Mimi: Hii ndiyo nini?

Kinyozi: Mabano. Mabano, nukta, halafu mabano tena. Tumerogwa.

Mzee Simu: Hebu lete. Aaa, nimeshaona. Huu ni umeme uliorudi kinyume. Ulipokatika ulikuwa unaenda mbele, uliporudi ukaingilia nyuma. Maandishi yaliyokuwa ndani yamesukumwa nje.

Mwenyekiti: Umeme una nyuma?

Mzee Simu: Mwenyekiti, miaka yote ile kwenye mitambo, unafikiri nilikuwa nafuga kuku?

Kinyozi: Umeme wapi! Ni kampuni hao. Juzi alikuja mtu kunyoa ndevu, na ndevu zenyewe hana. Nikajiuliza, huyu nimnyoe nini? Kumbe alikuja kupima.

Mimi: Kupima nini?

Kinyozi: Mawimbi! Simu yake kailaza kifudifudi kwenye rafu yangu, ukuta wa upande wa karakana. Niambie, simu inalazwa kifudifudi kwa nini?

Mteja: Kaka, nimalizie kichwa basi.

Kinyozi: Subiri, hili ni la mtaa mzima.

Kinyozi akitaja kampuni msimcheke haraka. Ipo kampuni kubwa yenye programu yake ya simu, imeshawameza mafundi wa mitaa mingi. Ukijiunga nao hubaki na jina wala sura, unakuwa namba. Mteja hakupigii wewe, anawapigia wao, wao ndio wanaoamua nani aende. Kwenye mkutano wa mwisho wanachama waligawanyika, nusu wamechoka na tovuti ya kuanguka na kuinuka, nusu hawataki kuwa namba. Mwenyekiti akasimama akatoa hukumu mbele ya watu wote: mtu wa kampuni atakuja siku hii ninayowasimulia, saa sita, na karatasi zake, akiikuta tovuti yetu inafanya kazi atarudi nazo, akiikuta imeanguka, Mwenyekiti anasaini. Binti Waya aliacha kazi ya ofisini kwa ajili ya kompyuta ile. Kusaini kungekuwa kumwambia alipoteza miaka yake. Ndiyo maana asubuhi hiyo nilimimina kahawa mpaka nje ya kikombe, na mimi si mtu wa kumwaga.

Akaja, begi begani, uso umekunjwa.

Binti Waya: Shikamooni.

Mwenyekiti: Marahaba. Tovuti imekufa.

Binti Waya: Haijafa. Ingekufa isingefunguka kabisa. Inafunguka, ila inatoa msimbo mbichi.

Mimi: Mwanangu, sema kwa lugha ya watu.

Binti Waya: Mama Mdogo, mtu akikuagiza kahawa, ukampa karatasi imeandikwa chemsha maji, tia buni, subiri, huyo kapata kahawa?

Mimi: Kapata dharau.

Binti Waya: Basi ndicho kinachotokea. Seva kazi yake kupokea mgeni. Kupika hajui, ana mpishi wake anaitwa moduli. Seva anampa moduli maelezo niliyoandika, moduli anapika, mgeni analetewa ukurasa. Leo seva anampa mgeni maelezo mkononi.

Kinyozi: Mpishi kafa!

Binti Waya: Kaka, usimzike mtu kabla sijafungua mlango.

Mwenyekiti: Utawahi saa sita?

Binti Waya: Nikishindwa nitasema kwa mdomo wangu. Lakini huyo mtu wa kampuni asikanyage kizingiti nikiwa ndani.

Mwenyekiti: Kizingiti ni changu.

Binti Waya: Ndiyo. Kwa hiyo mwambie wewe.

Akaingia. Tukabaki tunamwona mgongo tu, kaiinamia ile meza, vidole vinakimbia. Hapa nje Kinyozi alikuwa bado kashika simu ya mteja.

Kinyozi: Ngojeni kwanza. Humu mna Kiswahili.

Mzee Simu: Ndani ya mabano?

Kinyozi: Katikati. Kuna mistari ya Kiswahili safi.

Binti Waya (kutoka ndani): Hiyo msisome! Ni maneno yangu ya kujikumbusha nikiwa naandika! Mgeni hatakiwi kuyaona!

Ukimwambia Kinyozi asisome ndiyo umemvalisha miwani.

Kinyozi: "Picha ya Kinyozi ni kubwa kuliko za wenzake wote. Amekataa kuipunguza. Nimempa, maisha yaendelee."

Mzee Simu alicheka mpaka kikombe kikamwagikia gotini.

Kinyozi: Cheka tu, mzee. Na wewe upo. "Tarehe inaandikwa mara mbili kwa sababu Mzee Simu haiamini ya kwanza."

Mzee Simu: Na bado siiamini.

Kinyozi: Mama Birika, nawe umo.

Mimi: Nimefanya nini?

Kinyozi: "Sheria inasema waingie mafundi tu. Mama Mdogo nimemwingiza. Atakayesema kahawa si ufundi aje aipike yeye."

Nikageukia jiko, nikajidai moshi umeniingia machoni, na mkaa wenyewe ulishashika kitambo, hauna moshi. Nilifurahi, basi. Mtu akiandikwa vizuri mahali asipotegemea kuonekana, anafurahi zaidi.

Mwenyekiti: Na mimi?

Kinyozi: Wewe... ngoja. Wewe hupo.

Mwenyekiti: Tazama vizuri. Tazama mwanzoni.

Kinyozi: Mwanzoni ndiko nilikoanzia. Sasa nimefika katikati. Hupo, Mwenyekiti.

Mteja: Kaka, simu yangu. Na kichwa changu.

Akamnyang'anya simu. Mwenyekiti akanyanyua kikombe chake akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Jua likapanda. Binti Waya akatoka akifuta jasho, akasimama katikati yetu.

Binti Waya: Moduli mzima. Nimempa ukurasa mdogo bila kupitia kwa seva, kaupika vizuri. Seva naye mzima, kaamka, kasoma mipangilio yake yote, hajalalamika hata neno. Ripoti ya makosa ni tupu.

Mimi: Sasa wote wazima, shida nini?

Binti Waya: Hawaonani.

Mimi: Ndoa kama hizo nazijua.

Mzee Simu: Nisikilizeni mimi. Moduli amechukia kelele za msumeno. Mashine ina masikio. Kule mitamboni ulikuwa ukiongea kwa sauti karibu na swichi, laini zote zinaanza kukohoa.

Kinyozi: Mzee, hiyo ilikuwa mafua yako. Mimi nimeshajua. Yule asiye na ndevu alipopima mawimbi, kampuni wakatengeneza seva nyingine, pacha wa hii. Mgeni akija anapokewa na pacha. Hii yetu imekaa hapo ndani inashangaa mbona leo hakuna watu.

Mzee Simu: Pacha umemwona?

Kinyozi: Pacha akionekana si pacha tena!

Mwenyekiti: Mimi nasema seva imegoma. Haiwezekani itumikie watu kutwa kucha na hakuna anayeiheshimu. Hata mimi ningegoma.

Binti Waya: Wazee wangu, nawauliza swali moja tu. Nani kagusa kompyuta leo?

Kinyozi: Mimi sijagusa.

Mzee Simu: Mimi naigusa kwa macho.

Mwenyekiti: Leo hakuna aliyegusa.

Hilo "leo" alilitamka taratibu mno. Nikamtazama. Akatazama barabarani.

Kabla sijaendelea niwaeleze utaratibu wetu, maana mgeni hataelewa. Mipangilio ya seva ingeweza kukaa kwenye faili moja, lakini sisi si watu wa faili moja. Kila mwanachama alitaka sehemu yake, kwa hiyo Binti Waya akaweka folda, na ndani yake kila mtu faili lake lenye jina lake. Moduli naye ana faili lake, ndilo linalomwamsha. Mambo ya wote, kama ile amri ya kumwambia seva ampelekee moduli maelezo, yakawekwa kwenye faili la Mwenyekiti, kwa heshima. Halafu ipo sheria: faili la mtu haliguswi na mwingine, hata ukurasa ukiungua moto. Sheria hiyo aliitunga Binti Waya mwenyewe siku Kinyozi alipoingia kwenye faili la fundi cherehani akampunguza picha.

Binti Waya akarudi ndani. Safari hii hakukaa sana. Tukamsikia anacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, kisha akatokeza mlangoni.

Binti Waya: Mwenyekiti. Hizi sifuri mbili ni za nini?

Mwenyekiti: Sifuri gani?

Binti Waya: Mbele ya jina la faili lako. Lilikuwa linaitwa mwenyekiti. Sasa linaitwa sifuri sifuri mwenyekiti.

Hata Kinyozi alizima mashine.

Mwenyekiti: Mimi niliziweka. Juma lililopita. Faili ni langu au si langu?

Binti Waya: Ni lako. Kwa nini?

Mwenyekiti: Nilifungua folda nikakuta orodha. Seva inasoma kwa alfabeti, si ndiyo ulivyotufundisha? Nikatazama nani anasomwa kwanza. Nikakuta Kinyozi! Kinyozi anasomwa, mafundi wengine wanasomwa, moduli, kitu kisicho na miguu, kinasomwa, ndipo afike Mwenyekiti. Mwenyekiti wa nani huyo anayefika watu wameshakaa? Nikauliza, nini kinatangulia herufi zote? Nikaambiwa namba. Nikaweka sifuri. Nikaongeza ya pili, asije mwerevu akaweka yake moja.

Kinyozi: Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kwanza na hamkuniambia?

Mimi: Nyamaza wewe.

Binti Waya: Mwenyekiti, sikiliza. Faili lako linasema hivi: kama moduli yupo, mpelekee maelezo, kama hayupo, pita kimya kimya. Nililiandika hivyo makusudi ili seva isigome moduli akiugua. Sasa seva ikiamka inakusoma wewe kwanza kabisa. Inauliza, moduli yupo? Hayupo, faili lake halijafikiwa, bado amelala. Seva inapita kimya. Baadaye moduli anaamshwa, anasimama jikoni na kijiko chake, hakuna anayemletea kitu.

Mzee Simu: Na juma zima ilikuwaje inafanya kazi?

Binti Waya: Seva haisomi mipangilio kila saa. Inasoma ikiamka. Umeme umekatika leo, ikaamka upya.

Mzee Simu: Nilisema ni umeme!

Binti Waya: Mzee wangu, haya, tuseme ni umeme. Mwenyekiti, nakuomba uzitoe hizo sifuri.

Mwenyekiti: Sitoi.

Binti Waya: Basi niruhusu niweke sifuri tatu kwa moduli.

Mwenyekiti: Moduli anitangulie? Moduli ni mwanachama? Kapigiwa kura na nani?

Mimi: Wewe mzee! Mtoto atakosa kila kitu kwa ajili ya sifuri?

Mwenyekiti: Usinipandishie sauti, Mama Birika. Miaka mingi nimeongoza hapa. Kila kitu kikivunjika ni changu, kila kitu kikitengenezwa kina jina la mtu mwingine. Hata humo ndani mmeandikwa wote, mpaka muuza kahawa. Mimi sipo.

Mimi: Muuza kahawa?

Mwenyekiti: Sikuwa na maana mbaya.

Mimi: Maana unayo, na nimeisikia.

Kinyozi: Binti, wewe si una ufunguo wa kila kitu humo? Ingia, zitoe, ukimaliza yeye atakuwa bado anazungumza.

Binti Waya akakaa kizingitini. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, niliiona.

Binti Waya: Naweza kuzitoa macho nimeyafumba. Lakini sheria niliitunga mimi. Nikiingia kwenye jina la mtu bila ridhaa yake kwa sababu leo nina haraka, hao wa kampuni nawakatalia nini? Wao ndio wanaoamua majina ya watu bila kuwauliza. Hapana. Na tuanguke.

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa mkono huohuo. Mzee mzima na binti mkaidi, kila mmoja kashika lake, na saa sita hiyo inakuja. Mwenyekiti alikuwa amekunja mikono.

Basi mtu wa kampuni akafika. Viatu vyake ndivyo vilivyotangulia, vinang'aa utafikiri havijawahi kukutana na vumbi. Aliyekuja mara ya kwanza kuzungumza na Mwenyekiti alikuwa mwingine. Kampuni ile ina vijana wengi, wanabadilishana. Huyu hakuna aliyekuwa akimjua, naye hakuwa akimjua mtu. Kwapani kabana karatasi, mkononi ana simu kubwa.

Bwana Viatu: Habari zenu? Hapa ndipo kwa chama cha mafundi?

Mzee Simu: Hapa ni benchi.

Bwana Viatu: Nimefungua tovuti yenu nikiwa njiani. Poleni sana. Niliisoma huku nacheka mwenyewe, watu wakanishangaa. Ndugu zangu, tovuti inaanika siri za ndani barabarani?

Binti Waya: Siri ipi umeiona? Nywila zipo mahali pengine, mimi si mjinga.

Bwana Viatu: Si nywila, dada. Umbea. Picha ya kinyozi, sijui kahawa ni ufundi. Lakini mwisho kabisa ndipo pamenimaliza. Sikilizeni.

Akatelezesha kidole mpaka chini, akasoma kwa sauti ya mtu anayemwigiza mtoto.

Bwana Viatu: "Mwisho wa ukurasa. Nilipoileta kompyuta hii mtaa mzima ulicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alichukua futi, akaipima, akaitengenezea meza." Ha! Futi! Nyie mnafanya teknolojia au mnafanya fanicha?

Akacheka peke yake.

Mimi nilikuwepo siku ile ya meza. Na nilikuwa kati ya waliocheka, sitaki kujisafisha. Nikamtazama Mwenyekiti. Mikono aliyokuwa ameikunja ilikunjuka taratibu ikaangukia magotini, mikono mikubwa ya mbao, yenye makovu, haikujua pa kwenda. Alimtazama Binti Waya. Binti Waya aliangalia chini.

Bwana Viatu: Haya, tusipotezeane muda. Nimeambiwa karatasi hizi zinasainiwa na mwenyekiti wenu. Mwenyekiti ni nani hapa?

Ni swali dogo. Mtaani petu hata mbuzi wanalijua jibu. Kuna mtu alikuwa akingojea kuulizwa swali hilo kila siku ya maisha yake, na mara nyingine alilijibu kabla halijaulizwa.

Hakuna aliyejibu.

Kinyozi alifungua mdomo. Nikamkazia jicho. Akaufunga, na mimi nikajua leo tunashuhudia maajabu.

Bwana Viatu: Nauliza, mwenyekiti ni nani?

Mzee Simu: Laini hiyo haipatikani kwa sasa.

Bwana Viatu: Wewe ndiye?

Mzee Simu: Mimi ni mstaafu. Hata nyumbani kwangu sina cheo.

Bwana Viatu: Wewe je?

Kinyozi: Mimi napita tu.

Bwana Viatu: Una mashine ya kunyolea mkononi.

Kinyozi: Napita nayo.

Bwana Viatu akamgeukia yule aliyekaa kichwani mwa benchi, mahali ambapo hakai mwingine.

Bwana Viatu: Mzee, wewe?

Mwenyekiti akasimama. Akapangusa suruali, ingawa haikuwa na kitu.

Mwenyekiti: Samahani kijana, nipishe. Kuna kazi yangu ndani.

Akampita, akamgusa Binti Waya begani amfuate, wakaingia. Bwana Viatu akabaki na karatasi zake, anatafuta kwenye nyuso zetu uso wa mwenyekiti. Kutoka ndani tukasikia kila neno, maana yule mzee hajui kunong'ona.

Mwenyekiti: Niwekee hiyo folda hapa. Hapana, usiniandikie. Faili ni langu, naandika mwenyewe.

Binti Waya: Futa tu zile sifuri, jina la zamani linatosha.

Mwenyekiti: Herufi ya zedi iko wapi?

Binti Waya: Zedi ya nini?

Mwenyekiti: Nataka mbili. Nataka niwe chini kabisa.

Binti Waya: Baba, haina haja. Ukiwa baada ya moduli tu inatosha.

Mwenyekiti: Wewe kule kwenye maneno yako uliniandika wapi?

Binti Waya: Mwisho.

Mwenyekiti: Basi. Niko ninapotaka. Atakayenihamisha tutaonana. Sasa iamshe hiyo seva yako.

Alikuwa ameandika kwa kidole kimoja, kitufe kimoja kimoja, kama mtu anayepigilia misumari. Bwana Viatu alikuwa anaanza kuniuliza mimi, kana kwamba mwenyekiti anaweza kujificha ndani ya birika, mara ukelele ukatoka kwenye kibanda cha kinyozi.

Mteja: Imefunguka! Fundi friji huyu hapa, na sura yake! Na Kinyozi huyu hapa, mkubwa kama ukuta!

Kinyozi: Nilisema isipunguzwe!

Mteja: Sasa kichwa changu!

Bwana Viatu akafungua simu yake. Akafunga, akafungua tena. Mafundi wetu wote walikuwa wamepangana pale, majina na sura, na tarehe ya leo imeandikwa mara mbili.

Bwana Viatu: Sawa, imerudi. Lakini ninyi wenyewe mnajua itaanguka tena.

Binti Waya alikuwa ameshafika mlangoni, vumbi la mbao kwenye nywele.

Binti Waya: Itaanguka. Leo ilipoanguka tumebishana asubuhi nzima, lakini aliyeiangusha tulikuwa tumekaa naye benchi moja. Yenu ikianguka, mimi nikamgongee nani mlango?

Bwana Viatu alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli, hata akatazama zile karatasi kama jibu linaweza kuwa limeandikwa humo. Kisha akazirudisha kwapani.

Bwana Viatu: Basi mama, nipe kahawa moja niondoke.

Mimi: Imeisha.

Birika lilikuwa linafoka mvuke kati yetu, kifuniko kinacheza. Akalitazama birika, akanitazama mimi. Nilimtazama na mimi, wala sikupepesa. Akaondoka na viatu vyake, na safari hii vilikuwa vimeshika vumbi.

Alipopotea kwenye kona Mwenyekiti akatoka. Hakwenda kichwani mwa benchi. Alizunguka, akakaa ncha ile nyingine, karibu na jiko langu, ubao ukalia. Hatukumuuliza. Nikaanza kumimina, na nikaanzia kule mbali: Binti Waya, aliyekuwa amesimama, kisha Kinyozi, kisha Mzee Simu, hata mteja wa nusu kichwa akapata. Mwenyekiti aliniangalia kila kikombe kinavyompita. Ilipofika zamu yake birika lilikuwa linakoroma tupu, nikaliinamisha mpaka likatoa kilichobaki.

Akaonja. Akakunja uso.

Mwenyekiti: Leo umenipa machicha.

Mimi: Si umetaka mwisho mwenyewe?

Mwenyekiti: Nimetaka.

Akanywa yote, mpaka ya chini kabisa.